Nyasi za Jumamosi

Vijaya alipomaliza kunywa maji aliinamisha kikombe kuonyesha kwamba hakubakiza hata tone, na Kokushubila akajua kwamba hatamsahau mwanamke huyu mpaka siku atakayoingia kaburini. Ilikuwa Jumatatu, siku ya kumi na tisa tangu mwanawe Anatory azikwe kwenye migomba nyuma ya nyumba. Katika siku hizo zote watu wa Izigo walikuja, wakalia, wakatoa pole, wakaketi kwenye nyasi. Lakini hakuna aliyekunywa maji ya nyumba ile wala kuonja ndizi zake. Kila aliyekaribishwa alisema ametoka kula. Hapakuwa na msiba mwingine Izigo ambapo watu wote walifika wakiwa wameshiba hivyo.

Vijaya alikuwa ametoka Bukoba mjini kwa gari la kukodi. Mumewe Umedbhai alikuwa na duka la vyombo na vifaa, na Anatory alimfanyia kazi miaka kumi na mmoja mpaka miguu ilipokataa kumbeba. Sasa duka lilikuwa linafungwa. Walikuwa wanahamia Mwanza kwa shemeji yake, kama Wahindi wengine wengi waliokwisha kuondoka.

"Mama," Vijaya alisema, akisukuma mbele sanduku la karatasi ngumu lililofungwa kwa kamba ya katani, "hili lilikuwa la Navnit wangu. Mjomba wake alimtumia kutoka ng'ambo, yeye akaenda kusoma, akaliacha. Sasa ana mke, ana kitambi, hataki tena gari la kuchezea. Anatory kila akipanga rafu analishika. Anasema, 'Mama Navnit, siku moja nitalichukua hili, niliunde na wanangu.' Miaka mitatu anasema hivyo. Mimi ningempa siku ile ile. Nilifikiri kuna muda."

Aliishia hapo, akawa anazitazama nyasi alizokalia. Mwaka wa vita, mabomu yalipoanza kuanguka Bukoba, alilala juu ya nyasi za sebule hii siku kumi na nne, Navnit akiwa mtoto wa kubebwa mkononi, na Kokushubila akimchemshia maziwa. Wanawake hao wawili hawakuwahi kulizungumza jambo hilo tangu wakati ule. Hata leo hawakulizungumza.

Alipoondoka, watoto watatu walilizunguka sanduku. Theopista alikuwa na miaka kumi na mitatu, Yoeli kumi, na Klaudia, aliyeitwa jina la mama yake aliyetangulia mwaka uliopita, alikuwa na sita. Juu ya kifuniko palikuwa na picha ya gari jekundu lenye magurudumu manne manene, na mbele limetoa masharubu mawili marefu.

"Senene!" Klaudia alipiga kelele.

"Si senene, ni gari," Yoeli alisema. "Da Theo, soma."

Theopista alisoma maneno ya Kiingereza polepole, kidole kikifuata kila herufi. "Hili ni gari roboti. Mtu analiunda mwenyewe. Likigonga kitu linarudi nyuma, linageuka, linaendelea na safari."

"Nani analiambia ligeuke?" Kokushubila aliuliza.

"Haliambiwi, Bibi. Linajua lenyewe."

"Haliambiwi? Basi hilo ni Mhaya," bibi alisema, na Yoeli akacheka. Kilikuwa kicheko cha kwanza ndani ya nyumba ile tangu msiba, na wote wanne wakakitazama kama mgeni wa mlangoni wasiyemtarajia.

*

Jioni ile ile alikuja Mwijage, mdogo wa marehemu mume wa Kokushubila, aliyekuwa sasa mkubwa wa ukoo na kuitwa Ta, mzee, kwa heshima. Hakuingia. Alisimama kizingitini, fimbo mkononi, viatu vyake vya ngozi vimepakwa rangi.

"Shemeji, habari za kutwa."

"Nzuri, Ta Mwijage. Karibu ndani."

"Nimetoka kula," alisema, ingawa hakuna aliyetaja chakula. "Nimekuja na neno moja tu. Jumamosi ukoo unakutana hapa saa nne. Mambo ya watoto na kibanja. Utandike nyasi mpya."

"Mambo gani ya watoto?"

"Shemeji, wewe umezeeka. Magoti yako yanalia ukisimama, mimi nayasikia kutoka hapa. Tumeshaongea. Yoeli atakwenda kisiwani Bumbire kwa Lwakatare, akasaidie nyavu. Theopista atakwenda mjini kwa binti yangu, amejifungua, anahitaji mtu wa kumsaidia. Na huyu mdogo ana ndugu wa mama yake kule Kashozi. Wewe utabaki na nyumba yako, utapumzika. Kibanja mimi nitakiangalia, migomba na kahawa yake."

"Utakiangalia mpaka lini?"

"Mpaka mtoto akue."

"Akue akiwa Bumbire."

Mwijage alijikohoza. "Utandike nyasi, shemeji," akasema tena, akaondoka.

Kokushubila alibaki amesimama. Aliijua kazi aliyopewa. Katika nyumba zao hakuna kikao cha ukoo kinachofunguliwa mpaka mwanamke mwenye nyumba ametandika sakafuni nyasi zilizokatwa siku ile au ya jana yake. Wanaume huingia, huketi juu yake, kahawa za kutafuna hupitishwa, ndipo neno husemwa. Tangu alipoolewa alikuwa ametandika nyasi za vikao vingi. Alitandika kwa posa, kwa matanga, kwa kesi ya mbuzi. Hakuna hata siku moja alipoulizwa neno. Mtandika nyasi hukaa jikoni.

Watoto walikuwa wamesikia yote. Theopista alikuwa amelishika sanduku kwa mikono miwili.

"Bibi," Yoeli alisema, "leo Jumatatu. Tutaweza kulimaliza kabla ya Jumamosi?"

Hakuuliza kama watatenganishwa. Aliuliza hilo tu.

"Tutaanza kesho asubuhi," Kokushubila alisema.

*

Alichukua ungo wake wa kupetea maharage, akaumimina mzigo wote wa sanduku juu yake. Vilitoka vipande vya plastiki, magurudumu, gia ndogo nyeupe zenye meno kama ya panya, mota isiyozidi kidole gumba, nyaya, springi na skrubu ambazo punje ya mtama ilizishinda kwa ukubwa. Yeye alijua kusoma kitabu cha sala tu, tena kwa kupumzika njiani, lakini kuchambua alijua. Akakaa chini, miguu imenyooka, akachambua kama mtu anayetoa mawe kwenye mchele. Gia huku, skrubu ndefu huku, fupi huku.

Kazi ikajigawa yenyewe. Theopista alisoma karatasi ya maelekezo, na neno asilolijua akalitafuta kwenye kamusi ya marehemu baba yake. Yoeli alishika bisibisi. Klaudia, mwenye vidole vyembamba kuliko wote, ndiye aliyeingiza skrubu mahali ambapo mkono wa mwingine haukufika.

"Kwanza ekseli ya nyuma," Theopista alisoma. "Ingiza gia kubwa. Halafu skrubu mbili. Klaudia, taratibu."

"Naenda taratibu."

"Unatikisika."

"Wewe ndiye unanitikisa na mdomo wako!"

Skrubu ikamponyoka. Ikaruka mara moja, ikazama kwenye nyasi za sebule.

Nyasi zile zilikuwa za matanga, zilizokaliwa na watu wengi, nene kama godoro. Klaudia akaanza kulia bila sauti, mabega tu yakipanda na kushuka.

"Unalia nini?" Kokushubila alisema. "Imekwenda Uganda? Imo humu humu." Akapiga magoti, magoti yale yale ambayo shemeji yake alikuwa akiyasikia kutoka mlangoni, akaanza kuinua nyasi tita kwa tita, akilikung'uta kila moja juu ya kanga. Watoto wakamfuata. Wakakuta kifungo cha shati, wakakuta senti mbovu, wakakuta rozari ya mtu. Walipofika nusu ya sebule, Yoeli akaiona skrubu ikimetameta kwenye udongo mtupu.

Nyasi zilizoinuliwa hazikurudishwa. Siku ile sebule ilibaki nusu ina nyasi, nusu tupu, na kazi ikaendelea upande ule mtupu, kwa sababu huko kitu kikianguka kilionekana.

*

Jumatano wakafika kwenye gia zilizobaki. Karatasi ilisema zipakwe mafuta mazito, na kulikuwa na kichupa chake, lakini miaka ya kukaa kwenye rafu ilikuwa imeyakausha yakawa kama ulimbo wa zamani.

"Mafuta si mafuta?" Kokushubila alisema. Akaenda chumbani akaleta kibuyu cha samli, ile ile aliyompaka Anatory miguuni miezi yake ya mwisho. Akazipaka gia moja baada ya nyingine, kwa upendo, kila jino. Zilizunguka vizuri ajabu. Yoeli alizungusha gurudumu kwa kidole na likazunguka mara tisa kabla ya kusimama. Walikwenda kulala wanajisifu.

Usiku mvua ikanyesha, na asubuhi ya Alhamisi ilikuja na baridi ile ya Muleba inayowafanya ng'ombe wakatae kutoka. Gurudumu halikuzunguka hata mara moja. Samli ilikuwa imeganda katikati ya meno, nyeupe, ngumu. Na juu yake walikuwamo sisimizi, mstari mrefu kutoka dirishani, wakiingia ndani ya gari upande mmoja na kutokea upande wa pili kama abiria.

Theopista aliitupa karatasi. "Tuna siku mbili! Siku mbili tu, na wewe Bibi umelipaka gari samli kama mtoto mchanga!"

Hakuna mtoto aliyewahi kusema na bibi vile. Theopista mwenyewe aliziba mdomo kwa mkono.

Kokushubila aliwatazama wale sisimizi. "Kweli," alisema. "Nimekosea mimi. Kwenye miguu ya baba yenu ilifaa, nikadhani itafaa kila mahali." Akavuta ungo. "Yoeli, unakumbuka kila kitu kilivyoingia?"

"Nakumbuka."

"Basi toa. Kimoja kimoja. Mimi nitaviosha kwa mafuta ya taa. Theopista, wewe nenda kwa Ta Privatus, mwambie Bibi anaomba tone la mafuta ya baiskeli. Ukitoka hapo pitia kwa babu yako Mwijage, umwombe betri za redio alizochoka nazo. Kuomba si aibu."

Theopista aliokota karatasi, akainyoosha juu ya paja lake. "Nisamehe, Bibi."

"Nenda kabla mvua haijarudi."

Privatus alikuwa fundi baiskeli njia panda. Alirudi kutoka vitani na mguu mmoja usiokunjika, na watoto walimwita Kapteni ingawa alikuwa mgambo tu. Hakumpa Theopista tone. Alimpa chupa nzima ndogo, akamshika mkono, akaufunga kwenye chupa kwa mikono yake miwili yenye grisi. "Mwambie bibi yako nyie ni ukoo wangu pia. Na samli aweke kwenye maharage."

Kwa Mwijage ilikuwa vingine. Theopista aliporudi alikuwa na betri mbili, lakini zilikuwa na matope, na matope yalikuwa pia kwenye magoti yake.

"Ulianguka?" bibi aliuliza.

"Hapana. Nilinyoosha mkono, yeye akazitupa chini. Akasema niokote, na nisiguse lango nikitoka. Mkewe alikuwa anatazama." Akamnyooshea bibi betri zote mbili. "Moja iliingia kwenye mfereji. Nikapiga magoti nikaitoa."

Kokushubila alizichukua zile betri, akazifuta kwa pembe ya kanga yake, polepole, kila moja. Yoeli, aliyemfahamu vizuri, alimwona akibana meno kama anayetafuna kitu kigumu.

*

Ijumaa jua likatoka. Betri zilikuwa zimekufa, lakini kila mwenye redio katika nchi hii anajua kwamba betri iliyokufa haijafa kabisa. Walizilaza juu ya jiwe la kuanikia kahawa, Klaudia akawekwa kuzilinda na kuzigeuza kama mihogo.

Adhuhuri Lwakatare alifika kutoka ziwani akiwa na tita kubwa la nyasi kichwani, mbichi, zinanukia. Lwakatare alikuwa binamu wa Anatory, mtu mpana, mwenye mikono iliyopasuka kwa kamba za nyavu.

"Ta Mwijage amesema nikuletee," alisema, akilitua tita nje ya mlango. "Anasema magoti yako hayawezi kwenda kukata."

"Anayafikiria sana magoti yangu. Karibu, Lwakatare."

Alisita, akaketi kwenye gogo la nje. Yoeli alikuwa kizingitini, gari mapajani, akifunga skrubu za mwisho. Lwakatare akamtazama muda mrefu.

"Unajua kuogelea?"

"Hapana," Yoeli alisema bila kuinua macho.

"Utajua tu. Kule kila mtu anajua. Sasa hicho nini?"

"Gari."

"Linakwenda?"

"Bado. Tunasubiri betri ziive."

Lwakatare alicheka. "Ma Kokushubila," alisema kwa sauti ya chini, "mimi si mtu mbaya. Vijana wangu wawili wa mtumbwi wamekwenda na ugonjwa huu huu wa Anatory. Nahitaji mikono."

"Najua unahitaji mikono," Kokushubila alisema. "Hiyo unayoiona ina shughuli."

Saa tisa waliingiza betri. Yoeli alisukuma swichi. Mota ikalia kama nyuki ndani ya chupa, gia zikashikana, na gari jekundu likaondoka. Lilivuka sehemu tupu ya sebule, likagonga ukuta kwa masharubu, likasimama, likarudi nyuma kidogo kama mtu anayefikiri, likageuka, likaenda. Klaudia alipiga kelele mpaka kuku wakakimbia. Likagonga kinu, likageuka. Likamgonga Theopista mguuni, likageuka. Halafu likafika mpakani, kwenye nyasi za matanga. Nyasi haziligongi gari. Zinalishika tu. Magurudumu yalizunguka, yakajiviringishia majani, mota ikalia kwa uchungu, likafa pale pale.

"Ukuta linauweza," Yoeli alisema. "Nyasi haliziwezi."

Kokushubila aliyatazama yale majani yaliyojifunga kwenye ekseli. Akatazama lile tita jipya nje ya mlango. Alisimama pale pale hata Theopista akamuuliza kama anaumwa.

"Siumwi," alisema. "Toeni nyasi zote. Zote, mpaka pembeni. Klaudia, niokotee kinyesi cha ng'ombe kwa Ta Privatus, ndoo moja. Yoeli, lete jivu."

"Bibi, na kesho watu wakija?"

"Nimesema lete jivu."

Alikanda udongo, kinyesi na jivu, akaisiriba sakafu kwa mikono yake, akirudi nyuma kwa magoti kutoka ukuta wa ndani hadi mlangoni, mikono ikichora nusu duara juu ya nusu duara. Magoti yalilia njia nzima. Jua la Ijumaa lilipozama, sebule ilikuwa laini na tupu kama sinia, na familia ililala jikoni ili isiikanyage kabla haijakauka.

*

Saa nne asubuhi ya Jumamosi wanaume saba walifika, Mwijage mbele, Lwakatare nyuma, Privatus wa mwisho akiburuta mguu wake. Mwijage aliingia hatua mbili, akasimama. Wengine wakasongamana nyuma yake.

Sakafu ilikuwa tupu. Katikati yake waliketi watoto watatu, wamevaa nguo za kanisani, na kati yao gari jekundu. Kokushubila alisimama ukutani, mikono imekunjwa.

"Shemeji, nyasi ziko wapi?"

"Ziko nje, kama zilivyoletwa."

"Hukutandika?"

"Sikutandika."

"Tutaketi wapi?"

"Sijui, Ta Mwijage. Mimi sikuwaita."

Mtu mmoja nyuma aliguna. Sakafu tupu ni ya nyumba iliyohamwa. Mwanaume wa ukoo haketi kwenye udongo mbele ya wenzake, na kikao kisichoketi si kikao. Wote waliojazana mlangoni walijua hilo, na waliona kwamba yule mama alilijua kuwashinda, maana ndiye aliyewatandikia miaka arobaini.

"Unatudharau," Mwijage alisema.

"Hapana. Wageni nawapa heshima yao. Klaudia, wape kahawa."

Klaudia akainuka na kikapu kidogo cha kahawa zilizochemshwa na kukaushwa, zile za kutafuna. Akapiga goti mbele ya Mwijage kama alivyofundishwa, akachukua punje tatu, akamnyooshea kwenye kiganja.

Mwijage alikitazama kile kiganja. Kilikuwa kidogo, kimeoshwa, kina alama ya skrubu kwenye kidole. Mkono wake mwenyewe ulikwenda mfukoni ukabaki humo.

"Nitachukua baadaye."

Klaudia akaenda kwa wa pili. Wa pili alisema jino linamuuma. Wa tatu alitazama juu, kwenye paa. Akafika kwa Lwakatare. Lwakatare aliunyoosha mkono, ukasimama njiani, ukashuka.

Hapo Kokushubila alitoka ukutani. Hakupaza sauti.

"Hampokei punje ya kahawa mkononi mwa mtoto huyu. Haya. Ta Mwijage, huyu Theopista atampikia nani ndizi huko mjini, ikiwa betri humpi mkononi mpaka uitupe kwenye matope? Atambeba nani mtoto mchanga wa binti yako? Mikono yake mnaitaka au mnaiogopa? Semeni moja. Na Yoeli, atakula sahani gani Bumbire? Atalala pembe gani? Mnawataka kwa kazi, mnawakataa kwa kahawa. Mimi nala nao sahani moja. Nililala chumba kimoja na baba yao, nikamgeuza, nikamwosha, nikamfunga sanda. Niko hapa. Magoti yanalia, nami nimesimama."

"Hayo ni mambo ya ukoo," Mwijage alisema. "Wewe umeolewa tu hapa."

"Ndiyo. Nimeolewa hapa tangu kabla wewe hujavaa suruali. Nilikufuta kamasi."

Mtu alicheka, akajizuia. Privatus akasukuma watu kwa bega, akapita mpaka mbele. Akainama kwa shida, mguu mmoja umenyooka, akachukua zile punje tatu kwenye kiganja cha Klaudia, akazitia mdomoni. Kila mtu alisikia meno yake yakizivunja.

"Zimeiva vizuri," alisema. "Niongeze mbili." Kisha akafanya jambo ambalo lilizungumzwa Izigo mwaka mzima: akajishusha, taratibu, akaketi juu ya sakafu tupu kando ya watoto, mguu wake mbovu ukiwa umenyooka mbele kama bomba. "Mimi nimekuja kuona gari. Kijana, liwashe."

Yoeli akasukuma swichi. Betri zilikuwa za jua la jana tu, na gari likaanza polepole, likisita, kisha likashika mwendo. Lilikwenda moja kwa moja likagonga kiatu cha ngozi cha Mwijage. Likarudi nyuma. Likageuka. Mwijage alisogeza mguu, na katika kusogea akawa ametoka nje ya kizingiti.

"Nitarudi Jumamosi ijayo," alisema akiwa huko nje.

"Rudi," Kokushubila alisema. "Utaikuta sakafu hivi hivi. Na Jumamosi nyingine hivi hivi. Siku utakayopokea kahawa mkononi mwa huyu mtoto, siku hiyo nitakwenda kukata nyasi mwenyewe."

Waliondoka mmoja mmoja, bila kuagana vizuri, kama watu waliokuta sokoni hakuna soko. Lwakatare alibaki mlangoni. Alitazama gari likigonga kinu na kugeuka, akamtazama Yoeli, kisha akamnyooshea Klaudia mkono wake uliopasuka, kiganja juu. Klaudia akamtilia punje moja. Aliishika muda mrefu kabla ya kuitafuna.

"Nitatafuta mikono mahali pengine, mama," alisema.

"Ukipita huku na dagaa, usitupite."

"Sitawapita."

Jioni betri zilikufa kabisa, na Theopista akazirudisha juu ya jiwe kungoja jua la kesho. Kokushubila alitoka nje, akalifungua lile tita la nyasi za ukoo. Zilikuwa nzuri, hakuna aliyeweza kukataa, nyasi za mtu anayejua kukata. Akazibeba kwa mafungu mpaka nyuma ya nyumba, Yoeli akimsaidia, akazitandaza chini ya migomba kuzunguka kaburi la Anatory, shina kwa shina, mpaka zikaisha.